Nafasi ya Desemba Ukutani kwa Mwalimu

Mpendwa Shangazi Stumai,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utasema huyu mtu mzima analilia karatasi, lakini Shangazi mimi tangu Februari chakula hakinipiti vizuri, gereji nafungua kwa mazoea tu, juzi nimemfungia mteja breki nikasahau kutoa hewa, bahati nzuri aligundua hapohapo uwanjani kabla hajatoka barabarani, na tangu siku hiyo nimejiambia hapana, hili jambo nikikaa nalo litaua mtu.

Mimi ni fundi wa magari hapa Sumbawanga, nina miaka arobaini na sita, mke wangu anaitwa Epifania, nyumbani kwetu ni Mollo, na ufundi nilijifunza kwenye karakana ya misheni upande wa Kaengesa chini ya bruda mmoja Mzungu ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi ila alikuwa na majarida ya magari ya zamani, yaani magari yaliyotengenezwa hata mimi sijazaliwa, yamepigwa picha yanang'ara, na ndani mna habari za watu wa huko kwao wanaokuta gari bovu limetupwa bandani wanalifufua taratibu mpaka linatembea. Bruda aliporudi kwao mwaka themanini na nane aliniachia rundo zima, nikalibeba kwa baiskeli mpaka Mollo polepole kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Shida yangu ilikuwa moja, Kiingereza. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha vipuri, gasketi, klachi, plagi, basi, kwa hiyo miaka miwili mizima nilikuwa naangalia picha tu na kujitungia maneno.

Ndipo akahamia Mwalimu Urbano, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alikuja gereji nimchomelee fremu ya baiskeli, akaona jarida juu ya meza ya kazi, akalifuta vumbi kwa kiwiko, akasoma sentensi moja kwa sauti halafu akaniuliza, "Fundi, hapa wanasema pistoni zimegandia wamezilowesha kwenye mafuta wiki nzima, maana yake nini?" Nikamweleza. Akasoma sentensi ya pili. Siku ile fremu yake sikuigusa mpaka jua linazama, na yeye wala hakuuliza.

Kuanzia hapo Shangazi, kila Jumapili baada ya misa tulikuwa pamoja, wiki hii kwake wiki ijayo kwangu, yeye anasoma na kugeuza Kiswahili, mimi naeleza kile kitu kinafanyaje kazi, yeye alijua maneno na mimi nilijua vitu, na tulibishana sana, yeye akiamini Peugeot 404 ndiyo gari pekee lililowahi kuwa na akili na mimi nikimwambia Mwalimu wewe hujawahi kulala chini ya Peugeot kwenye tope la Ufipa. Akawa anaandika tafsiri kwa penseli pembeni mwa kurasa, herufi ndogondogo zilizonyooka kama za ubaoni, ili katikati ya wiki nikibaki peke yangu niweze kusoma. Watu walituita Fundi na Mwalimu kama vile ni jina moja.

Halafu likaja hili soko huria na hapo ndipo tulipopata wazimu kabisa, kwa sababu pamoja na mitumba yaliingia na majarida ya zamani ya Ulaya, yanauzwa kwa kilo, wenye meza sokoni wanachana kurasa za kufungia karanga na dagaa. Sisi tukawa tunapita meza kwa meza tumeinama, hatuangalii karanga, tunaangalia zimefungwa kwenye nini, na wale akina mama wakatuzoea, wakiona gari kwenye karatasi wanatuwekea kando. Siku moja Mwalimu alinunua dagaa ambao nyumbani walikuwepo tele kwa sababu tu walikuwa wamelazwa juu ya nusu ya lori la Bedford, na mkewe akamwuliza dagaa hawa tuwapeleke wapi, akajibu, "Dagaa mtajua wenyewe, mimi nipe kifungashio." Magari yenyewe ya zamani huku yalikuwa yanakwisha, yanakatwa vyuma chakavu, kila mwenye uwezo anashusha la Kijapani lililotumika, na mimi nayatengeneza hayo hayo maana ndiyo yanayonilisha, lakini Jumapili tulikuwa na yetu.

Sasa katika hayo majarida kulikuwa na hadithi moja iliyotoka mwaka mzima, Januari mpaka Desemba, ya mzee mmoja Mwingereza na binti yake waliokuta Morris ndani ya banda la kuku, viti vimeliwa na panya, kuku wanatagia kwenye bodi, na kila mwezi wanatengeneza kitu kimoja na kupiga picha. Kuyakusanya yote kumi na mawili kulituchukua miaka minne. Desemba ndilo lilikuwa la mwisho kupatikana, Mwalimu alilitoa kwenye gunia la mitumba likiwa zima, na Jumapili ile alisoma taratibu kuliko siku zote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka pale binti anapokaa kwenye usukani na mzee anazungusha hendeli kwa mbele. Gari likawaka. Mwalimu alifunga jarida akasema, "Fundi, limewaka," kama vile mimi sikuwepo pale nikisikiliza.

Tukagawana. Yeye akachukua Januari, Machi, Mei, kuruka hivyohivyo, mimi nikachukua Februari, Aprili mpaka Desemba, akasema tukigawana hivi hakuna atakayeimaliza hadithi peke yake. Ya kwangu nayaweka kwenye sanduku la bati, na kwa kuwa mchwa wa Mollo hawana adabu nilitengeneza stendi ya chuma yenye miguu minne, kila mguu umesimama ndani ya kopo la maziwa lililojaa oili chafu, mchwa hapandi pale hata kwa dawa. Wazo lilikuwa la Mwalimu, yeye ndiye aliyenisimamia nikichomelea, akapima miguu yote, na kila akija kwangu kabla hata ya kukaa alikuwa anainama kuchungulia vikopo na kuniambia, "Fundi, ongeza oili kushoto."

Mwaka jana baada ya mavuno akaanza kukohoa. Nilidhani ni baridi, unajua Juni huku kwetu ilivyo, lakini Agosti suruali zikawa zinamvuka, Oktoba akaacha kufundisha, na watu wakaanza yale maneno yao ya kusemea viganjani. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona Shangazi, nisionekane sikwenda, nilikwenda, nikisimama mlangoni kwa sababu viatu vyangu vya gereji vina oili na sikutaka kumchafulia shemeji sakafu.

Shemeji yangu huyo anaitwa Otilia, kwao ni Wampembe kule ziwani, mwanamke mtaratibu asiyepandisha sauti. Mwalimu alipofika mahali mikono haiwezi tena kushika jarida, Otilia alifanya jambo ambalo sijui hata nilielezeje. Alipika uji wa unga mzito, akatoa pini, akachambua majarida ya Mwalimu, Januari, Machi, Mei, yote, na kuyabandika ukutani kuzunguka kitanda, ukurasa mmoja mmoja, kwa urefu wa macho ya mtu aliyelala, ili mumewe asome bila kushika. Mimi nilifika siku ya pili nikasimama pale mlangoni nikaona kuta tatu zimejaa Morris. Shangazi, kila karatasi ina pande mbili. Ukibandika upande mmoja ule wa pili umekufa. Miaka minne ya kuinama sokoni nikaiona imepakwa uji, na moyo wangu, naomba Mungu anisamehe, ulimlilia Machi kabla ya kumlilia yule mtu kitandani.

Siku hiyohiyo Mwalimu akaniambia, "Fundi, niletee Desemba." Sauti ilikuwa ndogo lakini nilisikia vizuri. Sufuria ya uji ilikuwa bado pale chini ya dirisha na mti wa kukorogea ndani yake. Nikasema, "Mwalimu, samahani, Desemba limeliwa na mchwa."

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Pole, Fundi." Halafu akageukia ukutani.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Epifania kwamba Mwalimu anataka jarida, sikumwambia nimejibu nini, naye akasema likienda kule lisirudi humu ndani, tuna watoto, na mimi sikumbishia. Nilikwenda tena mara mbili tu, nikasimama mlangoni, tukazungumza habari za mvua. Februari tarehe tisa akafariki.

Sasa nikueleze aibu yangu kubwa. Msibani, wanawake wamejaa chumba kile wanaimba, wanaume tumeitwa ndani kuomba, nimeegemea ukuta, mara nahisi kitu, kuangalia ni kucha yangu mwenyewe imeshaanza kubandua kona ya Machi. Wala sikuiamuru. Kutazama juu, Otilia ananiona. Baadaye aliniletea kikombe cha uji kwa mikono miwili, akanikaribisha kama shemeji yeyote, na uji ule sikuweza kuumeza.

Jumapili iliyopita baada ya misa aliniita nyumbani, nikasimama mlangoni, akanionyesha ukutani pale kichwa cha marehemu kilipokuwa. Kumebaki nafasi tupu, ukubwa wa kurasa mbili, udongo unaonekana, na pande zote kumebandikwa. Akasema, "Shemeji, hapa alinikataza kubandika. Alisema, 'Acha hapo, Fundi ataleta.' Nikamwambia Fundi si alisema limeliwa? Akasema, 'Wewe acha tu.'" Halafu akanieleza kwamba mvua zikikatika na lori la Wampembe likianza kupita atarudi kwao na vitu vyake, na mwenye nyumba ameshaleta chokaa, iko pale nje chini ya bati, akitoka yeye tu kuta zote zinapakwa. Nikasema nina gari la mtu gereji, nikaondoka.

Na mpaka leo nashangaa, kwa nini aliacha nafasi wakati nilishamwambia jarida halipo?

Basi Shangazi niambie nifanye nini. Nikilipeleka Desemba, Otilia atajua nilimdanganya mtu anayekufa, na mji huu ni mdogo. Nisipolipeleka nitakaa nalo kwenye sanduku na kila nikifungua nitasikia "Pole, Fundi." Nikilipeleka akalibandika, baada ya mwezi linapakwa chokaa, na hapo tutakuwa tumempoteza Mwalimu na Desemba. Nimewaza pia, na hili nakuuliza kwa unyenyekevu, kama ni vibaya kumwomba shemeji aniruhusu nizibandue zile za ukutani kabla ya chokaa, maana nimeshajaribu kwa kalenda ya zamani, ukilowesha kwa maji ya vuguvugu karatasi inatoka nzima, hata upande wa nyuma unasomeka kidogo. Majina ukiyachapa sawa tu, gazeti lako huku linafika limechelewa wiki, na likifika linafungia karanga.

Ni mimi,
Fundi Leonsi,
Mollo, Sumbawanga.

SHANGAZI STUMAI ANAJIBU

Fundi Leonsi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira, na jibu langu lina vyote viwili. Nimeomba nakala ya ukurasa huu ipakiwe kwenye basi ije kwako mkononi, nisije nikakufikia nimefungia karanga.

Kwanza pole. Nasema pole kwa sababu katika barua yote hii ndefu sioni mtu aliyekupa. Mke akifiwa na mume anakalishwa mkekani, ndugu wa marehemu wanashikwa mikono, lakini rafiki anasimama nje na wanaume wengine, kesho yake anafungua gereji. Ulifiwa, Fundi. Miaka saba ya Jumapili imezikwa siku ile, na wewe ulikwenda kufunga breki. Unashangaa nini chakula kisipopita?

Sasa tuje kwenye viatu. Umeniandikia kwa kirefu habari za viatu vyako vya gereji na oili, na kwamba hukutaka kuchafua sakafu ya shemeji. Kaka yangu, viatu vinavuliwa. Jumapili zote zile mlizokaa kwa Mwalimu ulikaa na viatu vya nini? Hata Jumapili iliyopita umetoka kanisani, na bado umesimama mlangoni. Usinifanye mtoto. Wewe uliogopa. Uliogopa ule ugonjwa ambao watu wanausemea viganjani, na ulipopata sababu ya kutovuka kizingiti uliishika kwa mikono miwili. Epifania usimtupie lawama, yeye alisema kwa mdomo kile ambacho wewe ulikuwa unakifanya kwa miguu tangu Agosti.

Mimi si daktari na sijui marehemu alikuwa na nini, wala si kazi yako kujua. Lakini kama ni ule ugonjwa mnaounong'ona, wataalamu wameshasema mpaka sauti zimewakauka: hauambukizi kwa karatasi, hauambukizi kwa kushikana mkono wala kwa kukaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Na kama ni kifua kikuu, kuna hospitali na kuna dawa, na mahali pa kuuliza ni huko. Mlizungumza habari za mvua, yeye kitandani, wewe mlangoni, watu mliokuwa mnabishana Peugeot mpaka jioni. Hilo linaniuma hata mimi nisiyekujua.

Halafu ukaniuliza swali, na swali hilo ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini kwa muda. Unashangaa kwa nini aliacha nafasi wakati ulishamwambia jarida limeliwa na mchwa. Fundi, soma barua yako mwenyewe. Nani aliyetoa wazo la stendi? Nani alipima miguu? Nani alikuwa anainama kuchungulia vikopo vya oili kabla hajakaa? Watu wote wa Sumbawanga ungeweza kuwaambia habari ya mchwa wakaamini, mkeo, padri, mwenye nyumba. Ukachagua kumwambia mtu mmoja duniani aliyejua kwa mikono yake kwamba mchwa hapandi pale.

Alijua. Alijua uliposema tu, ndiyo maana akakutazama muda mrefu. Angeweza kusema, "Leonsi, unanidanganya." Alikuwa na haki hiyo, na mtu anayekufa haoni aibu kusema kweli. Akakupa pole. Alikuona umesimama pale na viatu vyako, akaona hofu yako yote, akakuonea huruma wewe, yeye aliyekuwa analala kitandani. Halafu akamwambia mkewe aache nafasi.

Na jingine, mimi sijui mambo ya Morris, lakini najua kusoma. Wewe mwenyewe umeniambia Desemba mlilisoma pamoja, na yeye ndiye aliyesoma. Alijua gari liliwaka. Hakukuwa na neno ndani ya jarida lile ambalo Mwalimu hakuwa analijua, tafsiri yote ameiandika yeye kwa penseli yake. Aliposema niletee Desemba alikuwa anakuita uje ukae. Mtu akikaa kusoma na mgonjwa lazima avuke mlango.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na nisisikie umeongeza lako.

Maji ya vuguvugu yaache nyumbani. Hubandui kitu. Mwanamke yule alikuona na kucha yako msibani akakuletea uji, hiyo heshima usiilipe kwa beseni na kitambaa. Kuta zile alizibandika ili mumewe apate kitu cha kutazama wakati rafiki yake hakai. Wewe unaona kurasa za nyuma zilizokufa, mimi naona mwanamke anakoroga uji usio wa kula. Chokaa ikija, ije.

Jumapili, baada ya misa, saa zenu zilezile, chukua Desemba ulifunge kitambaa safi. Epifania mwambie unakokwenda na kwa nini, na kama anataka kuja, aje. Kabla hujalitoa jarida, mwambie Otilia maneno haya: "Shemeji, nilimdanganya. Jarida lilikuwepo. Niliogopa." Ishia hapo. Usitaje uji, usitaje pande mbili za karatasi, usimtaje mkeo. Akikufokea, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye, wala usikumbuke gari la mtu lililoko gereji. Kuhusu mji mdogo, mji wenu umeshasema mabaya zaidi juu ya marehemu kuliko utakayosemwa wewe, na mwanamke huyo amekaa nayo.

Kisha kaa pale kitanda kilipokuwa, umsomee. Kiingereza huna, sawa, penseli ya Mwalimu ipo pembeni, kazi hiyo alikufanyia mapema. Soma mpaka gari liwake. Umweleze na hendeli ni nini, maana sidhani kama kuna mtu aliwahi kumweleza Otilia mlikuwa mnacheka nini Jumapili zote hizo alizokuwa anawapikia.

Ukimaliza, mpe. Likiingia kwenye mkono wake si lako tena. Akitaka kulibandika, uji ukoroge wewe, na upande wa kuonekana achague yeye. Akitaka kwenda nalo Wampembe, liende ziwani. Na katika yale matano yatakayobaki kwenye sanduku lako, mchagulie moja la kumpa juu yake, lenye mwandiko mwingi wa mumewe, na liwe lile unalolipenda kuliko yote. Lililochanika nisisikie. Manne yatakayosalia yatunze, uyasome, uongeze oili kushoto.

Najua utakapofika pale mlangoni miguu itasimama yenyewe kama ilivyozoea, na mdomo utatafuta habari za mvua. Hapo ndipo kazi yako yote ilipo, si kwingine. Mwalimu ameshakusamehe tangu siku uliyomwambia habari za mchwa, akaacha na mahali pa kupitia. Jumapili hii vua viatu, uingie.